Maji ya kutupwa kwenye mtambo wa RO: kizuizi cha kudumu, valvu ya sindano au pampu?

Mtambo wa nyumbani wa RO (osmosisi ya kinyume, yaani kusafisha maji kwa kuyasukuma kupitia utando) lazima utupe maji. Utando unapitisha maji na kuzuia chumvi, na chumvi iliyozuiwa haina pa kwenda isipokuwa isombwe na mkondo wa pili hadi kwenye bomba la kutolea. Mkondo huo ukibanwa mno, chumvi inajikusanya na kuganda juu ya utando. Ukiachwa mkubwa mno, maji yanapotea bure na presha ndani ya nyumba ya utando, yaani ganda linaloubeba, inashuka.

Kuna njia kadhaa za kurekebisha uwiano wa maji safi na ya kutupwa, nazo hazilingani kwa gharama wala kwa hatari. Jambo moja linapaswa kutangulia zote: uwiano unaamuliwa na ugumu wa maji yako na kiasi ambacho utando unatoa kweli, si na hamu ya kuokoa maji. Tena mitambo mingi inayotupa maji kupita kiasi ina tatizo la presha, wala kizuizi chake, yaani kidude kinachobana mkondo wa kutupwa, hakina kosa.

Lita moja ile ile, gharama tofauti

Hapa uwiano unaandikwa safi kwa kutupwa. 1:4 maana yake lita moja ya kunywa kwa lita nne za kutupwa, yaani asilimia 20 ya maji yanayoingia ndiyo yanayopatikana. 1:3 ni asilimia 25, 1:2 ni asilimia 33, na 1:1 ni asilimia 50.

Sasa tazama chumvi. Kwenye 1:4, maji yanayotoka upande wa kutupwa yana chumvi mara 1.25 ya maji yaliyoingia. Kwenye 1:3 ni mara 1.33, kwenye 1:2 ni mara 1.5, na kwenye 1:1 ni mara 2. Kila hatua inaokoa lita moja kwa kila lita ya kunywa, lakini hatua ya kwanza inaongeza chumvi kidogo sana, na ya mwisho inaipandisha ghafla. Ndiyo maana kutoka 1:4 kwenda 1:3 ni uamuzi mwepesi, na kutoka 1:2 kwenda 1:1 ni uamuzi wa kufikiria mara mbili. Mpango wa WaterSense wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, unaweka ukomo wa 1:2.3 kwa mitambo inayopewa nembo yake. Ni lengo zuri la nyumbani endapo maji yanaruhusu.

Ubora nao unaguswa. Watengenezaji wengi wa tando ndogo hupima kiwango cha kuzuia chumvi wakati asilimia 15 tu ya maji ndiyo inayopatikana, yaani karibu 1:5.7, kwa maji yaliyolainishwa yenye nyuzi 25 za Selsiasi. Ukibana mkondo wa kutupwa, utando unakaa ndani ya maji yenye chumvi zaidi, na maji safi nayo yanapanda TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake. Mara nyingi tofauti ni ndogo, lakini asitarajie mtu kupata namba iliyoandikwa kwenye boksi akiwa anaendesha 1:1.

Kiasi cha maji ya kutupwa kinachohitajika, kwa mililita kwa dakika, ni hiki:

| Utando | Maji safi | 1:1 | 1:2 | 1:3 | 1:4 |
|---|---|---|---|---|---|
| GPD 50 | 130 | 130 | 260 | 395 | 525 |
| GPD 75 | 195 | 195 | 395 | 590 | 790 |
| GPD 100 | 265 | 265 | 525 | 790 | 1,050 |

GPD ni galoni za Marekani kwa siku. Safu ya maji safi imetokana na namba ya kibandiko, na kibandiko kinasema utando unavyotoa katika hali ya majaribio. Maji yakipoa, utando hupoteza takriban asilimia 3 ya utoaji wake kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Utando wa GPD 75 ukipewa maji ya nyuzi 15 utatoa kama mililita 138 badala ya 195. Kizuizi hakijali baridi kiasi hicho. Kitaendelea kupitisha karibu 590, na uwiano uliopangwa 1:3 utakuwa zaidi ya 1:4 bila mtu kugusa kitu. Kwa hiyo jedwali ni la kununulia. Uamuzi wa mwisho unatoka kwenye jagi.

Pima kabla ya kununua chochote

Funga valvu ya tangi. Fungua bomba la maji ya kunywa na uache mtambo ufanye kazi dakika 15, ili mtiririko utulie na maji yaliyolala ndani ya utando yatoke. Chomoa mpira wa maji ya kutupwa pale unapoingia kwenye bomba la kutolea. Kwenye viungo vya kusukuma, bonyeza pete ya plastiki iingie ndani ya kiungo huku ukivuta mpira. Ukivuta bila kubonyeza, meno ya pete yanaukwaruza na kiungo kitavuja baadaye. Kama mpira umekwaruzika, kata sentimita 1 au 2 za mwisho, mkato ulionyooka, kabla ya kuurudisha.

Kusanya maji ya kutupwa kwa dakika 1 na maji safi kwa dakika 5, kwa jagi lenye alama za mililita. Gawanya maji safi kwa 5. Kisha gawanya maji ya kutupwa kwa maji safi. Ukipata 540 na 150, uwiano wako ni 1:3.6. Andika pia presha inayofika kwenye utando, joto la maji, na TDS ya maji yanayoingia, ya maji safi na ya maji ya kutupwa.

TDS ya maji ya kutupwa inatumika kuhakiki hesabu. Igawanye kwa TDS ya maji yanayoingia. Jibu likiwa karibu 1.3, uko kwenye 1:3 au jirani yake. Likiwa 2, uko kwenye 1:1, hata kama hujawahi kugusa kizuizi. Huenda uchafu umekiziba nusu.

Halafu tafuta uvujaji uliojificha. Tangi likiwa limejaa na mabomba yote yamefungwa, maji ya kutupwa yanapaswa kukatika kabisa ndani ya dakika chache. Yakiendelea, funga valvu ya maji yanayoingia na uache ya tangi wazi. Yakizidi kutiririka, yanatoka kwenye tangi kurudi nyuma kupitia utando: valvu ya kuzuia kurudi, iliyo kwenye kiwiko cha maji safi cha nyumba ya utando, imekufa. Yakikatika, valvu ya kujifunga yenyewe, inayokata maji yanayoingia tangi likijaa, haifungi vizuri. Vyote viwili ni vipuri vidogo, na hakuna kizuizi wala pampu itakayofidia mtambo unaomwaga usiku kucha.

Kizuizi cha kudumu

Hiki ndicho chaguo letu la kwanza kwa nyumba nyingi. Kipo cha aina mbili. Cha kwanza ni kidude cha plastiki chenye kitundu kimoja ndani, kinachounganishwa katikati ya mpira wa kutupwa, kikiwa na namba kama 300, 420 au 800: mililita kwa dakika. Cha pili ni kimrija chembamba kinachoingizwa ndani ya mpira wa robo inchi, na urefu wake ndio unaoamua mtiririko.

Chenye kitundu hakina cha kurekebisha, na hiyo ndiyo faida yake. Hakihamiki na hakiguswi na mtoto wala mgeni. Namba yake imepimwa katika presha maalumu ya kiwandani, hivyo kwako kinaweza kupitisha kidogo zaidi au pungufu. Kama kipimo cha jagi kimetoa 1:3.6 na unataka 1:3, nunua namba iliyo chini kwa takriban asilimia 15, kifunge kikiangalia upande wa mshale, upime tena. Kila mara kikae baada ya utando na kabla ya bomba la kutolea. Kikiwekwa kwenye mkondo wa maji safi, mtambo utakauka na maji yote yatakwenda kutupwa.

Kimrija kinampa fundi nafasi ya kulenga. Ukikikata, kinafupika na maji ya kutupwa yanaongezeka. Kata sentimita 1, rudisha, subiri dakika 10, pima. Hakirefuki tena, kwa hiyo anza na kirefu na usogee polepole. Tumia wembe mkali; mkasi unaponda mdomo wa kimrija na kuubana. Kina udhaifu mmoja: punje moja ya ukoko wa chokaa au chembe ya kaboni inaweza kukiziba. Kikiziba, kichomoe na ukiloweke kwenye siki au maji ya asidi ya sitriki, kisha ukisukumie maji. Kuchokonoa kwa waya mgumu kunapanua njia na kuharibu kipimo.

Kosa linaloua tando nyingi liko hapa. Mtu anabadilisha utando wa GPD 50 kwa wa GPD 100 na kuacha kizuizi kile kile. Maji safi yanaongezeka, ya kutupwa yanabaki yalivyo, na mtambo uliokuwa 1:3 unakuwa karibu 1:1.5. Miezi michache ya mwanzo ni furaha tupu. Baadaye utoaji unashuka na TDS inapanda. Kizuizi na utando vinunuliwe pamoja, kama jozi.

Valvu ya sindano

Valvu ya sindano inaufanya uwiano uwe mikononi mwako. Kwa nyumba ambayo joto la maji linabadilika sana kati ya misimu, au kwa anayejaribu mpangilio mpya, hakuna kinachoishinda. Lakini inaweza kufungwa kabisa. Maji ya kutupwa yakikatika, chumvi yote inabaki juu ya utando na ukoko unajijenga upesi. Kama kuna pampu ya umeme, presha nayo inapanda na viungo vinaanza kuvuja. Isitoshe, katika mtiririko mdogo uwazi wa sindano ni finyu mno, chembe zinanasa hapo, na valvu uliyoiweka vizuri mwezi huu inakuwa imejibana yenyewe mwezi ujao.

Mahali pa kuifunga panabadilisha kila kitu. Ikifuatana na kizuizi kwenye mpira mmoja, inaweza tu kupunguza, na inaweza kupunguza hadi sifuri. Ikiwekwa sambamba na kizuizi, kwa viungo viwili vya T, kizuizi kinahakikisha mtiririko wa chini kabisa na valvu inaongeza juu yake. Tunapendekeza sambamba, bila kusita. Chagua kizuizi kinachotoa uwiano mkali zaidi ambao maji yako yanavumilia, mathalani 1:2, kisha tumia valvu kurudi kuelekea 1:3. Hata ikifungwa kwa bahati mbaya, utando hautakosa maji ya kuusafisha. Kwa mpangilio huo unapata pia njia ya kusuuza: fungua valvu yote kwa dakika 1 au 2, maji yapite kwa kasi juu ya utando, kisha rudi kwenye alama yako.

Kuirekebisha, zungusha robo duara kwa mara moja, subiri dakika 10, pima mikondo yote miwili. Kubana upande mmoja kunaongeza presha ndani, na maji safi yanasogea pia, kwa hiyo kupima mkondo mmoja peke yake kunadanganya. Ukifika, weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika na uvue mpini ikiwezekana. Pima tena baada ya wiki, kisha kila mwezi. Asiyekuwa tayari kupima kila mwezi achukue kizuizi cha kudumu. Atapata matokeo bora.

Presha: mahali maji yanapopotelea zaidi

Chukua presha ya bomba ya baa 3 na maji yenye TDS ya miligramu 500 kwa lita. Nguvu ya osmosisi, yaani jinsi chumvi inavyovuta maji yarudi nyuma, inapinga kwa kama baa 0.35. Tangi tupu lenye hewa ya baa 0.5 linapinga kwa 0.5, hivyo utando unasukumwa na baa 2.15. Tangi linapokaribia kujaa linafika baa 2, na msukumo unabaki baa 0.65: chini ya theluthi. Mkondo wa kutupwa haujabadilika. Mtambo ulioanza na 1:3 unamalizia kujaza tangi kwa karibu 1:10. Kipimo cha jagi hakikuonyeshi jambo hili kwa sababu unakifanya tangi likiwa limefungwa.

Kwa hiyo, kabla ya pampu yoyote, fanya yasiyo na gharama kubwa. Badilisha vichujio vya awali vilivyoziba, maana vinakula presha. Mwaga tangi lote na uhakikishe hewa yake ni baa 0.5 hivi likiwa tupu. Chota maji mengi kwa pamoja badala ya kikombe kikombe, ili tangi lisikae muda wote kwenye sehemu ile mbaya ya mwisho.

Pampu ya umeme ya kuongeza presha, kwa kawaida ya volti 24, inafaa pale presha ya bomba iko chini ya baa 2.8 au TDS iko juu. Ikipandisha presha hadi baa 5.5 kwenye mfano uliotangulia, msukumo wa mwanzo unakuwa baa 4.65, zaidi ya mara mbili. Mtiririko kupitia kitundu haupandi kwa kadiri hiyo. Unaongezeka kama asilimia 35. Uwiano wa 1:3 unageuka kuwa karibu 1:2 bila kubadilisha kizuizi. Kwa maji laini ni habari njema. Kwa maji magumu ni onyo: pamoja na pampu, nunua kizuizi kikubwa zaidi. Pampu inahitaji swichi ya presha ya tangi ili izime tangi likijaa, na swichi ya presha ndogo ili isizunguke kavu maji yakikatika. Bila hizo mbili usiifunge.

Pampu isiyotumia umeme, inayoendeshwa na nguvu ya maji ya kutupwa yenyewe, inafanya kazi nyingine. Haipandishi presha ya kuingia. Inasukuma maji safi tangini ili utando usihisi uzito wa tangi. Mtambo unabaki karibu na 1:3 yake kutoka tangi tupu hadi kujaa, na tangi linajaa zaidi. Kizuizi bado kinahitajika, kikae kati ya utando na pampu. Inagonga kwa mlio wa taratibu, basi mipira isiguse ubao wa kabati. Presha ya bomba ikiwa ya wastani na nyumba ina tangi, hii ndiyo inayookoa maji mengi zaidi bila kuuhatarisha utando, kwa sababu inaondoa upotevu bila kuongeza chumvi. Kwa mtambo usio na tangi haina maana.

Utando wa pili kwa mfululizo

Maji ya kutupwa ya utando wa kwanza yanaingizwa wa pili, na kizuizi kimoja kinakaa mwisho. Ukiwa na 1:4, wa pili unachota takriban lita moja nyingine, na uwiano unakaribia 1:1.5. Maji safi yanakaribia maradufu. Utando wa pili ndio unaobeba chumvi nzito, na ukoko utaanzia hapo. Unafaa kwa maji laini na presha nzuri pekee.

Kuchagua

Pima ugumu wa maji kwa matone au karatasi ya kupimia. Mita ya TDS haitoshi, kwa kuwa haitofautishi chokaa na chumvi ya kawaida. Watengenezaji wengi wanaweka ukomo wa miligramu 170 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Juu ya hapo baki 1:4 kwa kizuizi cha kudumu, au laini maji kabla ya RO. Kati ya 50 na 170, lenga 1:3, na kama presha ni ya wastani ongeza pampu isiyotumia umeme; 1:2 ni ya wale walio karibu na 50 na wanaopima mara kwa mara. Chini ya 50, au maji yakiwa yamelainishwa, 1:2 ni salama, na 1:1 inawezekana kwa valvu ya sindano iliyo sambamba na kizuizi. Presha ikiwa chini ya baa 2.8, pampu ya umeme inatangulia na uwiano unapangwa baada yake.

Mitambo mipya isiyo na tangi, inayotangazwa kutoa lita mbili au tatu safi kwa moja ya kutupwa, usiifungie chochote. Pampu, valvu ya umeme na muda wa kusuuza vinaongozwa na bodi moja ya elektroniki, na kizuizi ni sehemu ya hesabu hiyo. Kwenye 3:1 chumvi inafika mara 4, kwa hiyo mwenye maji magumu aipime TDS ya maji safi mara nyingi kuliko mwingine.

Baada ya mabadiliko yoyote, mwaga tangi la kwanza, kisha andika TDS ya maji safi na mililita zake kwa dakika, pamoja na joto la maji. Utoaji ukishuka kwa asilimia 15 katika joto na presha ile ile, ongeza maji ya kutupwa siku hiyo hiyo. Ukoko mchanga wa chokaa unaweza kulegea ukisuuzwa. Uliokomaa, na hasa wa kalsiamu salfeti, unabaki hadi utando ubadilishwe.